Nani wa Kumwambia Kocha?

Hotuba kwa wazazi na vijana wanaozungumza Kiswahili wa Iowa City na Coralville, kabla ya msimu wa futiboli kuanza

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Kaka na dada, habari za jioni. Na nyinyi vijana mliojibanza mlangoni kama mnaosubiri basi, sogeeni mbele. Viti vipo, na maneno ya leo yanawahusu nyinyi kuliko mtu mwingine yeyote humu ndani.

Aliyenitia katika kazi hii ni mama mmoja wa hapa, ambaye mwanawe ana miaka 16 na mabega ya mtu wa miaka 30. Aliniambia, "Mwalimu, habari za ushindi usituletee, hizo tunaziona kwenye televisheni. Tuambie wakipigwa inakuwaje. Nataka kujua siku hiyo mwanangu atakuwa mikononi mwa nani." Sikuwa na jibu la papo hapo. Leo nimekuja nalo, na mtanivumilia, maana halikutoka fupi.

Mji huu una jambo moja la ajabu ambalo wenyeji wamelizoea hata hawalioni tena. Tangu mwaka 1979 hadi leo, timu ya futiboli ya Chuo Kikuu cha Iowa, hawa Hawkeyes, imekuwa na makocha wakuu wawili tu. Wawili! Hayden Fry alikaa misimu 20. Kirk Ferentz akapokea mwaka 1999, na yupo. Sisi tuliokulia kwenye ushabiki wa Simba na Yanga, wa Gor Mahia na AFC Leopards, wa V.Club na Motema Pembe, tunajua kocha anavyofungashiwa virago kabla hajamaliza kufungua masanduku aliyokuja nayo. Hapa kocha anazeeka kazini, watu wanamwona anavyozeeka, na wajukuu wanamshangilia mtu yuleyule aliyeshangiliwa na babu zao. Ndiyo maana swali la yule mama lina majibu katika mji huu. Kocha wa miaka mingi kupoteza msimu mzima, hapa limetokea zaidi ya mara moja, na kila mara likaisha kivyake.

Kwa mliofika majuzi: futiboli ya Kimarekani ya vyuo huchezwa Jumamosi za majira ya vuli. Timu hucheza mechi 12 za msimu wa kawaida. Zamani zilikuwa 11. Iowa iko ligi ya Big Ten. Ukishinda mechi sita unastahili kualikwa mechi ya ziada mwishoni mwa mwaka, na iliyo kuu kwa watu wa huku ni Rose Bowl ya California. Watu karibu 70,000 huingia Kinnick Stadium, na kocha mkuu analipwa kuliko gavana wa jimbo na kuliko mkuu wa chuo chenyewe. Kwa hiyo hapa hakuna kushindwa kwa siri.

Nianze na Fry, maana bila yeye hamtamwelewa huyu wa sasa.

Fry alikuja kutoka Texas. Alikuta timu ambayo baada ya 1961 haikuwahi kuwa na msimu hata mmoja wenye ushindi mwingi kuliko vipigo. Mtu huyu alikuwa amesomea saikolojia, na hakuiacha darasani. Chumba cha wageni cha kubadilishia nguo alikipaka rangi ya waridi, na kipo hivyo hadi leo. Wachezaji wake aliwavika sare za mfano wa Pittsburgh Steelers, mabingwa wa wakati ule, ili kama hawajui kushinda, angalau wafanane na wanaojua. Na kuna jambo moja juu yake ambalo kwa watu wa rangi yetu lina uzito kuliko sare: mwaka 1965, akiwa Dallas katika chuo cha SMU, alimsajili Jerry LeVias, Mweusi wa kwanza kupewa ufadhili wa masomo kwa ajili ya futiboli katika ligi ya Southwest. LeVias alitishiwa kuuawa. Fry alisimama naye.

Hapa Iowa, misimu yake miwili ya mwanzo alishindwa. Alipata ushindi 5 na vipigo 6, kisha 4 kwa 7. Mwaka wa tatu, 1981, akashinda mechi 8 na kuipeleka Iowa Rose Bowl. Mwaka 1985 timu hii ilikaa kwa majuma kadhaa ikiwa namba moja nchi nzima. Wazee wa Kizungu wa mji huu ukiwataja mwaka huo wanabadilika sura.

Lakini kwangu mimi kazi kubwa ya Fry ilikuwa benchi lake la ufundi. Katika miaka ile ya 80 alikuwa na Bill Snyder, Barry Alvarez, Dan McCarney na Kirk Ferentz, na kijana Bob Stoops aliyemchezea kisha akaanza ukocha chini yake. Watano hao wote baadaye walikuwa makocha wakuu wa vyuo vikubwa. Fikirini chumba cha mikutano chenye watu wa namna hiyo. Mtu anayejiona kuwa kesho atakaa kwenye kiti cha mbele hanyamazi mkubwa wake anapokosea mpango. Atabisha, kwa adabu au bila adabu.

Shida ni kwamba watu wa namna hiyo hawakai. Alvarez aliondoka 1987. Snyder alikwenda Kansas State baada ya msimu wa 1988. Mwaka 1990 McCarney alimfuata Alvarez Wisconsin, na Ferentz akaenda kuwa kocha mkuu huko Maine. Fry aliendelea kushinda kwa miaka kadhaa, kwa hiyo pengo halikuonekana. Likaonekana 1998.

Mwaka ule Fry alikuwa na miaka 69 na anaugua saratani ya tezi dume. Iowa ilikuwa imeifunga Iowa State, jirani na mtani wake wa jadi, miaka 15 mfululizo. Ikaja hapa Kinnick, ikiongozwa na nani? Dan McCarney, aliyewahi kuichezea Iowa na kufundisha chini ya Fry. Iowa State wakashinda 27-9. Huko Kansas, Snyder alikuwa akishinda mechi 11 mfululizo katika chuo kilichokuwa kichekesho cha nchi. Alvarez akaipeleka Wisconsin Rose Bowl na kuishinda. Mwalimu wao alipoteza mechi 8 kati ya 11, tano za mwisho mfululizo, na ya mwisho kabisa kule Minneapolis ilikuwa 49-7. Siku chache baadaye akatangaza kustaafu.

Kuna wanaousimulia mwaka huo kama aibu iliyomharibia jina. Sikubaliani nao. Mzee alikuwa mgonjwa, sauti zote nzito alizozilea zilikuwa kwenye mabenchi ya wengine, zingine zikimfunga, na yeye mwenyewe akaona kwamba muda umefika. Hakusubiri kusukumwa. Alifariki Desemba 2019 akiwa na miaka 90, na hapa mjini hukumsikia mtu akitaja ile 49-7.

Sasa Ferentz. Wengi hapa walimtaka Stoops. Stoops akaenda Oklahoma. Ferentz alipewa Iowa, na mwaka 1999 akashinda mechi moja. Moja katika 11! Mwaka 2000 akashinda tatu katika 12, na mwaka huohuo Stoops akawa bingwa wa taifa na Oklahoma. Mnaweza kuwaza maneno yaliyosemwa kwenye vinyozi vya mji huu. Mkurugenzi wa michezo wa wakati ule, Bob Bowlsby, hakutetereka. Mwaka 2002 Iowa ikashinda mechi zote 8 za ligi na kucheza Orange Bowl, nyingine katika zile mechi kubwa za ziada.

Simulizi hiyo ni tamu, na ni ya kweli, lakini hapa mjini imegeuzwa hirizi. Kila timu ikiyumba, mtu anaitoa mfukoni: "Kumbukeni 1999, vuteni subira." Nami nasema subira ya 1999 haiwezi kutumika 2012. Kocha mgeni analima shamba aliloachiwa na mwingine. Kocha wa mwaka wa 14 kila mche ameuchagua na kuupanda mwenyewe. Huyo wa kwanza akikosa mavuno unampa muda. Huyo wa pili unamuuliza maswali, na hapo ndipo penye kazi, kwa sababu baada ya miaka 14 waliobaki karibu naye wenye ujasiri wa kuuliza ni wachache mno.

Twende basi 2012. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu huu ndio msimu ambao vijana hamuukumbuki na wazazi wengi mlikuwa hamjafika.

Miaka 13 ya mwanzo Ferentz alikuwa na wasaidizi wakuu wawili walewale, waratibu kama wanavyoitwa, Norm Parker kwenye ulinzi na Ken O'Keefe kwenye ushambuliaji. Parker alikuwa mtu mzima kuliko Ferentz, mcheshi, aliyeendelea kufundisha hata baada ya kisukari kumchukua mguu. Mtu kama huyo hamwogopi bosi. Mwisho wa msimu wa 2011 akastaafu. Majuma machache baadaye O'Keefe akaenda Miami Dolphins. Yaani ndani ya kipupwe kimoja kocha alipoteza watu wawili pekee waliokuwa naye kwenye nyadhifa zile tangu siku ya kwanza.

Ulinzi alimpa Phil Parker, aliyekuwa tayari ndani ya benchi, na huo ukawa uamuzi bora kuliko karibu yote aliyowahi kufanya. Ushambuliaji alimleta Greg Davis, aliyekuwa Texas chini ya Mack Brown. Na angalieni kisa kinavyojirudia: Davis aliondoka Texas baada ya msimu wa 2010, ambao Brown, naye kocha wa miaka mingi, bingwa wa taifa wa 2005, alishinda mechi 5 na kupoteza 7. Kocha mkongwe akishindwa, mara nyingi anayeondoka kwanza ni msaidizi.

Kwotabeki wa Iowa, yaani mchezaji anayeongoza ushambuliaji na kurusha pasi, alikuwa yuleyule. Mwaka 2011 alirusha pasi 25 za tachidauni, yaani zilizoishia eneo la mwisho la wapinzani kwa pointi sita. Mwaka 2012, chini ya mfumo mpya, alirusha 7, na pasi 8 zikanaswa na wapinzani. Kijana hakusahau kurusha mpira katika miezi minane. Mfumo ulibadilishwa, wapokeaji hawakuuelewa, na wiki baada ya wiki ulirudiwa uleule. Mimi si mtaalamu wa michoro ya mchezo, ila niliwahi kufundisha darasani, na darasa zima likifeli mtihani mmoja siwezi kuanza kwa kumwita mwanafunzi mmoja ofisini.

Septemba walikuja Central Michigan, timu ndogo iliyolipwa kuja kufungwa. Iowa iliongoza 31-23 mwishoni kabisa. Central Michigan wakapata tachidauni, wakaupiga mpira mfupi wakaudaka wenyewe, kisha sekunde chache kabla ya kipenga wakapitisha teke la yadi 47 katikati ya milingoti, lenye pointi tatu. 32-31. Hata hivyo hadi katikati ya Oktoba Iowa ilikuwa na ushindi 4 na vipigo 2, tena ilikuwa imetoka kuifunga Michigan State ugenini baada ya muda wa ziada mara mbili. Watu wakaanza kupanga safari ya mwisho wa mwaka. Baada ya hapo hawakushinda tena. Penn State 38-14. Northwestern. Indiana kwa pointi tatu, Purdue kwa pointi tatu. Michigan 42-17. Na Ijumaa baada ya sikukuu ya Shukrani, Nebraska 13-7. Jumla ushindi 4, vipigo 8.

Mashabiki walipiga kelele kibarua kiote nyasi. Kisingeota. Mwaka 2010 chuo kilikuwa kimempa mkataba hadi 2020, kwa karibu dola milioni 4 kwa mwaka, na kumvunjia mkataba kungegharimu mamilioni mengi. Kwa hiyo mjadala wote wa mjini, aondoke au abaki, ulikuwa wa bure: jibu lilikuwa limeshasainiwa miaka miwili kabla. Nadhani ule mkataba ulikuwa kosa, na nasema hivyo nikijua yaliyofuata. Chuo kilijinyima sauti. Ukishamwambia mtu kwamba hata apigwe vipi huwezi kumgusa, umebaki na nini cha kumwambia?

Alibadilisha baadhi ya wasaidizi wadogo. Mwaka 2013 akashinda mechi 8, mwaka 2014 akashinda 7. Hirizi ikatolewa tena mfukoni: mmeona? Lakini Januari 2, 2015 Tennessee wakaifunga Iowa 45-28 katika mechi ya mwisho wa msimu, na haikuwa karibu kama tarakimu zinavyosema. Hapo, bila ya msimu wa kushindwa, jambo likatokea. Ndani ya majuma machache Ferentz, mtu ambaye kwa desturi habadilishi hata soksi, alimtangaza C.J. Beathard kuwa kwotabeki wa kwanza badala ya yule aliyeanza misimu miwili. Aliyepokwa nafasi akahamia Michigan. Mazoezi yakahamishiwa asubuhi. Mwaka 2015 Iowa ikashinda mechi zote 12 za msimu wa kawaida, ikapoteza fainali ya Big Ten kwa Michigan State 16-13, kisha ikaenda Rose Bowl na kupigwa vizuri na Stanford.

Kwa nini Januari 2015 na si Desemba 2012? Wengi wana nadharia. Yangu ni kwamba 2012 kila mtu alikuwa na kisingizio cha wazi: waratibu wapya, mfumo mpya, vipigo vya pointi tatu. Kipigo kikubwa wakati mwingine kinakuja na dawa ya usingizi ndani yake. Baada ya Tennessee hakukuwa na kisingizio chochote.

Wazazi wangu, hadi hapa nimezungumza kama shabiki. Sasa nitazungumza kama mtu mwenye watoto Weusi katika jimbo hili.

Mwaka 2019 Iowa ilishinda mechi 10 na kumaliza kwa kuifunga USC 49-24. Hakuna aliyelalamika. Ni timu iliyokuwa juu. Miezi sita baadaye, Juni 2020, majira yale ambayo Marekani nzima ilikuwa barabarani ikiandamana kwa kifo cha George Floyd, mchezaji wa zamani James Daniels aliandika kwamba kuna tofauti kubwa ya jinsi wachezaji Weusi wanavyotendewa katika programu ile. Makumi ya wenzake wakafuata. Walisema walidhihakiwa, walifuatiliwa kila hatua, walilazimika kuacha nywele zao, mavazi yao na namna yao ya kusema mlangoni ili wafanane na mtu ambaye kocha alimzoea. Chuo kikaleta kampuni ya mawakili kutoka nje. Ripoti yao ilisema kanuni za programu ziliendeleza upendeleo wa rangi na utamaduni, na kwamba wachezaji walifuatiliwa kiasi cha kuishi kwa wasiwasi. Kocha wa mazoezi ya nguvu, aliyekuwepo tangu 1999, akaondoka kwa makubaliano, naye alikana kwamba alivuka mpaka. Ferentz mwenyewe alikiri kwamba kulikuwa na mambo asiyoyaona. Mwaka 2023 kesi ya wachezaji wa zamani ikamalizwa nje ya mahakama kwa zaidi ya dola milioni 4, na milioni 2 kati ya hizo zilitoka kodi za wananchi wa Iowa. Pamoja na zenu mnaofanya kazi za usiku.

Tena, Januari 2011, wachezaji 13 wa Iowa walilazwa hospitali kwa wakati mmoja. Walipewa zoezi la kuchuchumaa na chuma mabegani mara 100, misuli ikavunjikavunjika, mkojo ukabadilika rangi. Msimu uliotangulia walikuwa wameshinda mechi 8.

Mnaona ninapokwenda. Yule mama aliniuliza wakipigwa inakuwaje. Nimetafuta, nimekuta kwamba mambo mabaya kuliko yote yaliyowapata vijana katika programu hii hayakutokea ule mwaka wa 4 kwa 8. Yalitokea kwenye miaka ya kushinda, na yalikaa miaka mingi bila kusemwa, kwa sababu nani angesikiliza? Msimu wa kushindwa una adha zake, lakini angalau milango inafunguliwa, waandishi wanauliza, wafadhili wananung'unika, wakurugenzi wanakagua. Timu inayoshinda haikaguliwi.

Baada ya 2020 iliundwa kamati ya ushauri ya wachezaji wa zamani, ili kocha awe na watu wa kumwambia. Wazo zuri sana. Mwaka 2022 ikavunjwa. Siku niliposoma habari hiyo nilikasirika kuliko nilivyowahi kukasirishwa na matokeo ya mechi yoyote.

Na kuna suala la mwana. Kuanzia 2017 mratibu wa ushambuliaji alikuwa Brian Ferentz, mtoto wa kocha. Sheria za chuo haziruhusu mtu kumsimamia ndugu yake, basi kwenye makaratasi alisimamiwa na mkurugenzi wa michezo. Sisi Waswahili hatuhitaji kufafanuliwa jambo la mtoto wa bosi. Tunalijua kutoka mbali. Ni msaidizi gani atasimama kwenye kikao aseme mpango wa mwanao hauna kichwa wala miguu? Ushambuliaji ukazorota hadi kwa msimu wa 2023 mkataba wa Brian ukaandikwa kwamba timu ifikishe wastani wa pointi 25 kwa mechi. Ikaishia kwenye 15 na ushee, na kwa yadi ikawa ya mwisho kati ya vyuo vyote vya daraja la juu. Lakini ulinzi wa Phil Parker ulikuwa mkali mno, na uwanjani Iowa ikashinda mechi 10! Ikafika fainali ya ligi, ikafungwa 26-0 na Michigan. Ikaenda Florida, ikafungwa 35-0 na Tennessee. Aliyesema basi, mwishoni mwa Oktoba, msimu ukiendelea, ni Beth Goetz, aliyekuwa akikaimu ukurugenzi wa michezo kwa miezi michache tu. Alitangaza kwamba Brian hatarudi mwaka unaofuata. Mgeni alisema neno ambalo wenyeji walilimeza miaka.

Huko Oklahoma State mambo yamekwenda tofauti. Mike Gundy, aliyewahi kuwa kwotabeki wa chuo hicho, alikuwa kocha wake mkuu tangu 2005. Mwaka 2024 alishinda 3 na kupoteza 9, na katika ligi hakupata hata moja. Akakubali kukatwa mshahara, akafukuza waratibu wote wawili, akaleta wachezaji wapya kwa makumi. Septemba 2025 Oregon wakamfunga 69-3, kisha Tulsa, jirani mdogo, akaja kumfunga nyumbani, na siku chache baadaye akatimuliwa akiwa na mechi tatu tu msimuni. Hawakumpa 2013 yake, achilia mbali 2015.

Hiyo ni kwa sababu zama zimebadilika, na hili vijana mnalijua kuliko mimi. Mwaka 2012 mchezaji aliyechoshwa na kocha alikuwa na njia mbili, kuvumilia au kuhama na kukaa mwaka mzima bila kucheza. Sasa anahama na kucheza mara moja. Tangu Julai 2021 anaweza kulipwa kwa jina na sura yake, na tangu Julai 2025 chuo chenyewe kinaruhusiwa kumlipa. Msimu mmoja mbaya unaweza kuondoa nusu ya timu kabla ya Februari. Wazee wa mji wanalilia uaminifu uliopotea. Mimi silii nao. Kwa mara ya kwanza mchezaji ana njia ya kumwambia kocha hapana, na kocha akasikia, hata kama anasikia kwa kuona kabati tupu.

Basi mama, jibu lako. Mwakani makocha wataanza kubisha hodi kwako. Watakuja wamevaa vizuri, watakula wali wako na sombe lako na kuusifu, na watazungumza juu ya familia. Wakaribishe. Usiwaulize wameshinda mechi ngapi, hilo liko wazi kwa kila mtu. Waulize ni wasaidizi gani wameondoka katika miaka mitatu iliyopita na wamekwenda wapi. Kama wanaondoka kwenda kuwa wakubwa kwingine, hapo kuna watu wanaosikilizwa. Kama hakuna aliyeondoka kwa miaka 15, usifurahi haraka. Uliza kwa nini. Omba namba ya mchezaji aliyehama, siyo ya yule aliyefaulu ambaye wamekuja na picha yake. Uliza mwanao akiumia, au akitukanwa, atamwendea nani asiyeteuliwa na kocha mkuu, na usiridhike mpaka wakutajie jina na cheo. Halafu nyamaza, umwangalie kocha msaidizi aliyekuja naye. Kama kila unapouliza anamtazama mkubwa wake kabla ya kufungua mdomo, umeshajibiwa.

Na nyinyi vijana, lugha ni yenu. Mkalimani wa mama siku hiyo utakuwa wewe, na najua kishawishi cha kulainisha swali la mama ili usimuudhi mtu anayeshikilia ufadhili wako. Litafsiri kama lilivyo. Kocha atakayekasirishwa na mama yako sebuleni kwenu wenyewe, Novemba akiwa amepoteza mechi tano mfululizo atakufanya nini wewe?

Naambiwa chakula kimeshafika na kinapoa. Maswali kwanza, dakika 20, na waanze vijana. Wazazi mtasubiri zamu yenu. Ndiyo, wewe mwenye jezi ya njano.